Matawi ya Njia Panda ya Rubimba

Jumatatu, 18 Oktoba 1993. Nyakera.

Daftari hili nilipewa ofisini Kigoma niandikie kipimo cha mvua. Kipima mvua chenyewe kimevunjika leo asubuhi tulipokuwa tunashuka botini pale Mwamgongo, baada ya mama mmoja kukikalia akidhani ni kigoda. Hakuniomba hata radhi. Alisema kimemuumiza. Kwa hiyo mvua nitaiandika kwa maneno, na nafasi itakayobaki nitaandika mengine, maana huku milimani sina wa kusema naye Kigogo.

Kwa kumbukumbu: mimi ni Nathaniel, bwana shamba, mtaalamu wa zabibu, mzaliwa wa Dodoma. Hapa kwenye kilima cha misheni ya Nyakera kuna mizabibu mia mbili iliyopandwa zamani na mapadre ili wapate divai ya misa. Mkuu wangu wa kazi, Mama Mwanakheri, amenipa kazi mbili. Ya kwanza ni kuipogoa na kuitibu mizabibu hiyo. Ya pili ni kufyeka njia ya kale ya miguu inayounganisha makanisa matatu: hili la Nyakera, la Rubimba lililo katikati ya msitu, na Kanisa la Kale la Kasebuye ng'ambo ya mto Luhozi, ambako hakujaishi mtu tangu watu walipohamishiwa vijijini mwaka sabini na nne. Tarehe nane Desemba ni jubilei ya miaka mia, na mahujaji watatembea kanisa hadi kanisa.

"Nataka njia ya mita mbili, safi," alisema Mama Mwanakheri. "Baba Askofu asichanike kanzu."

Mvua: hakuna. Vumbi tupu.

Jumatano, 20 Oktoba.

Mvua: manyunyu, kiasi cha kulowesha nguo kabla ya kupiga pasi.

Paroko ni Padre Anatoli, Muha mrefu anayevaa mabuti ya mpira hata sebuleni. Alipojua mimi ni Mwanglikana alicheka mpaka akakohoa. "Karibu, ndugu uliyepotea. Humu tunapokea wote."

Nimepewa msaidizi, Pastory, mwenyeji, umri wake kama hamsini. Mikono yake ni hodari, mdomo wake ni hodari zaidi. Kwa kila mti ana hadithi, kila njia panda anasimama aanze, "Bwana Shamba, hapa bwana..." Leo nimemwambia hadithi zake ampelekee mkewe. Amenyamaza dakika kumi. Raha iliyoje!

Ijumaa, 22 Oktoba.

Redio ya Padre imesema kumekuwa na mapinduzi Burundi na watu wanauana. Kutoka hapa kilimani milima ya Burundi unaiona kwa macho yako. Ni ya kijani na imetulia. Huwezi kuamini.

Mvua: hakuna.

Jumatano, 27 Oktoba.

Mvua: kubwa ya kwanza. Bati limepiga kelele saa mbili nzima.

Wakimbizi wameanza kufika. Wanakuja kwa miguu kupitia msitu wa Rubimba, wengine na magodoro, wengine hawana hata kiatu. Padre amefungua kanisa walale ndani. Naandika hapa bila kuficha: nimekasirika. Nguzo kumi na moja za mizabibu yangu zimekuwa kuni za kupikia maharage. Nimekwenda kulalamika. Padre akanitazama kama anayemtazama mtoto, akasema, "Nathaniel, nguzo zitaota tena." Nguzo hazioti. Mtaalamu ni mimi.

Jumamosi, 30 Oktoba.

Mvua: ya wastani, asubuhi.

Kazi ya njia inakwenda vizuri. Nieleze ilivyo, maana Mama Mwanakheri atauliza. Ukitoka kanisa la Rubimba hatua mia mbili unafika njia panda. Ya kushoto inapanda hapa Nyakera: ni kijia chembamba chini ya miti, wenyeji wote wanakijua. Ya kulia inateremka mtoni Luhozi na kwenda Kasebuye. Tumeanza na ya kulia, kwa sababu Askofu ataanzia Kasebuye. Hii ya kushoto nitaifyeka mwisho, nyasi zisije zikaota tena kabla ya siku yenyewe. Mtoni tumelaza magogo matatu yakawa daraja, hata bibi kizee anavuka.

Ni njia nzuri. Naandika kwa fahari.

Jumatano, 3 Novemba.

Pastory amefiwa na mama mkwe wake kule Mwamgongo, ameondoka. Atakaa matangani wiki nzima. Wiki nzima! Nitafanya kazi peke yangu.

Mvua: kidogo. Jioni kundi jingine la wakimbizi limefika, kama thelathini. Mwanamke mmoja amebebwa, ana homa kali.

Alhamisi, 4 Novemba.

Mvua: hakuna.

Nimefika njia panda ya Rubimba asubuhi nikakuta uchafu wa ajabu. Njia yangu ya kulia, niliyoifyeka kwa jasho langu, imejaa matawi mabichi yaliyovunjwa na kutupwa katikati. Nimeyahesabu: kumi na saba. Hawa watu wanavunja miti ovyo, wanatupa popote. Nimeyaondoa yote nikayatupa mbali msituni, halafu nikafagia. Tawi moja lilikuwa limefungwa kitambaa cha kitenge cha njano, bado kizuri. Nimekichukua, nimefungia mzabibu uliokuwa unaanguka. Si kila taka ni taka.

Nimerudi mapema. Njia inang'aa.

Ijumaa, 5 Novemba.

Mvua: tangu saa nne asubuhi mpaka jioni, bila kupumua. Sikutoka. Nimekula samaki, mgebuka wenye mawese, na shati langu la mwisho jeupe si jeupe tena.

Jumamosi, 6 Novemba.

Mvua: kubwa. Wanasema Luhozi umejaa na daraja langu limekwenda na maji. Siku tatu za kazi!

Yule mwanamke wa homa ameamka. Anaitwa Révérienne, jina ameliandika mwenyewe humu daftarini, mimi ningelikosea. Kiswahili chake ni cha Rumonge, kizuri kuliko cha wengi hapa. Alinikuta nikipanga waya wa mizabibu akashika ncha ya pili bila kuombwa. Tukafanya kazi. Baadaye akaniambia.

Baba yake, mzee Petero Ndayiragije, haoni. Binti wa Révérienne, Inamahoro, miaka minane, ndiye macho ya babu: hushika ncha ya fimbo akamwongoza. Njiani mguu wa mzee ulivimba, akashindwa kwenda na kundi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeamua. "Aliniambia, wewe tangulia utafute watu wa kunibeba. Mtoto aniongoze polepole, tutakufuata." Révérienne akatangulia na kundi lile la watu thelathini, homa ikamshika njiani, akafika hapa hajitambui. Siku mbili hakuweza kusema jambo. Leo alipoweza, Padre ametuma wanaume wanne Rubimba. Wamerudi jioni. Hakuna mtu.

"Walikuwa siku moja nyuma yangu," alisema. "Siku moja tu, Bwana Shamba."

Nikampa mkasi wa kupogolea.

Jumatatu, 8 Novemba.

Mvua: ndiyo.

Leo wamekwenda wanaume tisa. Wametafuta kijia cha kushoto chote, wametafuta msitu wa nyuma ya kanisa la Rubimba, wamekwenda kaskazini karibu na mpaka. Kuna makundi mawili yaliyofika baada ya Révérienne, lakini yaliongozwa na wenyeji, na hayakuona mzee wala mtoto. Upande wa mto na Kasebuye hakuna aliyekwenda. Nimeona sawa tu. Nani avuke Luhozi uliojaa?

Révérienne anapogoa vizuri sana. Anauliza kwanza kwa nini, halafu ndipo anakata. Nimefundisha watu wenye vyeti ambao hawakuuliza.

Jumanne, 9 Novemba. Mvua. Hawajaonekana.

Jumatano, 10 Novemba.

Mvua, na ukungu. Hawajaonekana. Révérienne ameniombea dua kwa sauti mbele ya watu, ati kwa kuwa namtunza. Mimi nimempa mkasi tu. Watu hawa nilikuwa nikiwaita "hawa watu". Naona haya kusoma kurasa za nyuma.

Alhamisi, 11 Novemba.

Mvua: sijui. Sikuangalia.

Pastory amerudi leo. Alipita njia ya Rubimba kama alivyokwenda, kwa sababu alikuwa na salamu za kupeleka huko, na huko akasikia habari za mzee na mtoto. Aliingia shambani kwangu hata pole ya msiba hakungoja.

"Bwana Shamba, nimefika njia panda nimekuta njia ya mtoni iko wazi. Nani kaifungua?"

"Kuifungua vipi?"

"Matawi. Nilipokuwa naondoka Jumatano nilipishana na kundi la Warundi pale pale, nikaona wanaweka matawi. Yako wapi?"

"Nimeyatoa mimi. Walikuwa wameyatupa ovyo."

Pastory akaketi chini, kwenye matope, na suruali yake ya msibani. Akashika kichwa.

"Hayakutupwa, bwana. Yaliwekwa. Huku kwetu, na kwa Warundi vilevile, anayetangulia akifika njia panda huvunja tawi akalilaza kwenye njia asiyoipita. Anamwambia wa nyuma yake: si huku, pita kule. Na haliguswi! Haliguswi na mtu mpaka wa mwisho apite. Hata mtoto wa miaka mitano anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie lini? Kila nikisimama njia panda unaniambia hadithi nimpelekee mke wangu."

Mimi nimekulia mjini Dodoma, nyumba za reli. Njia zetu ni za mchanga na mti huuoni mpaka uutafute. Lakini hiyo si sababu. Mwenyeji alikuwepo, mdomo wazi, kila siku, na mimi niliufunga.

Pastory akaendelea, polepole sasa, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Ndiyo maana hakuna aliyewatafuta upande wa mto; kwa kutoyaona matawi watakuwa wamedhani mvua imeyasomba. Padre anajua njia ile ilizibwa, wazee wanajua, mama wa mtoto anajua, kwa sababu yeye mwenyewe aliweka tawi. Nilimwona anafunga kitambaa ili mtoto alijue. Cha njano."

Kijia cha kushoto ni chembamba, kimejificha. Cha kulia nimekifanya barabara, mita mbili, nimekifagia. Mtoto wa miaka minane na kipofu wangepita wapi? Wangeshuka mtoni Ijumaa asubuhi kabla mvua haijaanza, wangevuka juu ya daraja langu, halafu mvua, halafu daraja likaondoka. Wako ng'ambo. Au daraja liliondoka nao.

Nimwambie nani kwanza? Pastory amesema, "Hilo ni lako, Bwana Shamba. Mimi kwangu halitatoka." Akaenda kuoga.

Nimeandika kila kitu ili nisijidanganye baadaye. Na hili nalo naliandika: baada ya Pastory kuondoka nilikwenda kwenye ule mzabibu nikafungua kile kitambaa, nikakitia mfukoni. Nilitaka kukizika. Nimesimama na jembe mkononi. Ningemwambia Padre "tujaribu na upande wa Kasebuye", wangekwenda, wangepatikana au wasipatikane, na hakuna ambaye angejua. Nimesimama hivyo kwa muda mrefu, aibu tupu.

Jumamosi, 13 Novemba.

Naandika leo mambo ya jana, maana jana sikuwa na mikono.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta Révérienne kwenye mizabibu, mkasi mkononi. Nikatoa kitambaa nikampa. Alikikunjua, akakikunja. Nikamweleza yote: tawi, ufagio, mita mbili, Askofu. Nilikuwa najisikia ninavyosema upuuzi.

"Lini?" aliuliza.

"Alhamisi ile. Siku nane."

Akanipiga kofi. Sikulikwepa. Halafu akajifunga kile kitambaa mkononi, akasema neno moja. "Twende."

Padre Anatoli nilimweleza kwa haraka mlangoni. Nilingoja karipio. Yeye alipanda mnarani na mabuti yake akafungua kamba ya kengele, mita ishirini na zaidi, akaitupa chini. "Kengele itapumzika," akasema. "Mto unataka kamba." Tukaondoka watatu: Pastory, Révérienne na mimi.

Mpaka mtoni ni mwendo wa saa tatu. Révérienne alitangulia muda wote, hakugeuka. Tulipopita njia panda hakuitazama, mimi ndiye niliyeitazama. Ilikuwa safi, laana yake.

Luhozi ulikuwa mwekundu na mkubwa, ingawa alama za ukingoni zilionyesha umeshapungua kidogo. Révérienne akaita jina la mtoto. Mto ukameza sauti. Akaita tena na tena mpaka ikamkauka. Pastory alizunguka juu kidogo, akapata mahali mti umeanguka ukafika karibu nusu ya mto, akavuka, nusu kwa mti na nusu kwa kuogelea, kamba kiunoni. Akaifunga ng'ambo.

Sasa mimi. Mimi mtoto wa Dodoma, maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni. Niliishika kamba ile nikafumba macho. Maji yalinifika kifuani, yakanitoa miguu chini, nikanywa Luhozi nusu. Nilimwomba Mungu wa Waanglikana na wa Wakatoliki wote wawili. Révérienne alikuwa nyuma yangu, na mahali fulani katikati nilihisi mkono wake umenisukuma mgongoni, kwa nguvu, wala si kwa upole. Nikafika. Nimetapika maji nikasimama.

Kutoka pale ni mlima, kama saa moja. Kanisa la Kale la Kasebuye ni kuta za mawe na nusu ya paa. Mapadre wa zamani walipanda mizabibu pale pia, na kwa kukosa mtu wa kuipogoa imepanda ukutani, imeingia dirishani, imekaa altareni. Nilikuwa mbele, kwa kuwa nilikuwa na panga la kukatia njia. Nikaona moshi. Moshi mdogo, mwembamba, unatoka mlangoni! Nikapiga kelele nikakimbia.

Mtoto alitokeza kwenye pembe ya ukuta. Mwembamba, kagauni ka bluu. Akaniona mimi, mwanamume mwenye panga, mwenye matope mpaka kichwani, ninakimbia kumwelekea. Akapiga yowe ambalo sitalisahau, akatoweka ndani ya mizabibu.

Nililitupa panga mbali kama linaniunguza. Nikapiga magoti palepale. Sikujua mtoto yule ameona nini huko kwao, lakini nilijua ameona panga.

"Inamahoro!" Révérienne alinipita. "Inamahoro! Ni jewe! Ni mama!"

Majani yakatikisika. Kisha kichwa. Kisha mtoto mzima, na sikuona vizuri yaliyofuata kwa sababu Pastory alikuwa analia kwa sauti kubwa karibu na sikio langu na mimi pia sikuwa na macho ya kuonea. Hai! Mzima! Ana mikwaruzo miguuni tu, na harufu ya moshi.

Mzee Petero alikuwa amekaa ndani ya mlango, mguu ameunyoosha juu ya jiwe, fimbo mapajani. Révérienne alipomshika miguu, mzee aliupapasa uso wake wote, paji, pua, kidevu, akasema tu, "Ego, ndiyo. Ni yeye." Walikuwa wameishi kwa mihogo ya mashamba ya zamani na mapera ya misheni, na moto aliouwasha mzee kwa kiberiti alichokilinda kifuani. Waliposikia mto umejaa mzee aliamua wasiondoke. Mtoto akamweleza mama yake kwamba kila asubuhi babu alisema, "Leo watakuja," na kila jioni alisema, "Leo haijaisha."

Nikasogea. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyu?"

"Nathaniel. Bwana shamba."

"Wa serikali?" Uso wake ukachangamka. "Basi asante kwa njia ile. Mimi sioni, lakini miguu inaona. Tulipofika penye njia mbili, mtoto alitafuta tawi la mama yake, hakuliona. Nikapapasa kwa fimbo. Huku nikasikia pana, laini, haina hata jani. Nikamwambia mtoto, huku kuna watu wanaotungoja."

Révérienne alinitazama. Angeweza kusema yeye. Aliacha, akangoja niseme mwenyewe.

"Mzee, mimi ndiye niliyeifyeka. Na tawi nililitoa mimi. Sikujua maana yake. Nimewapoteza mimi."

Mashavu yake yalikuwa yanacheza.

"Ni wewe uliyetupoteza," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na ndiye uliyekuja."

"Ndiyo."

"Basi njoo huku uniinue. Mguu huu unaniuma na nimechoka na mapera."

Tulilala palepale Kasebuye. Leo asubuhi mto umeshuka, Padre alipoona hatujarudi ameleta vijana na machela, tumemvusha mzee salama. Tulipotokeza kwenye mizabibu ya Nyakera, Padre alipanda mnarani akaigonga kengele kwa jiwe, maana kamba ilikuwa bado begani kwangu. Wakimbizi wote wakatoka nje wakashangilia. Nimelala mpaka usiku kama gogo. Sijawahi kulala hivyo tangu nifike mkoa huu.

Mvua: jua. Jua!

Jumanne, 16 Novemba.

Mvua: jioni, ya upole.

Mguu wa mzee unapungua uvimbe. Amenifundisha kupapasa jicho la mzabibu kwa kidole gumba kujua kama litachipua. Anakosea mara chache kuliko mimi ninayeona. Inamahoro ameacha kunikimbia. Anasimama mbali kidogo, anatazama.

Révérienne hasemi nami. Anakuja shambani, anapogoa mstari wake, anaondoka.

Ijumaa, 19 Novemba. Mvua ya wastani. Hajasema.

Jumatano, 24 Novemba.

Barua ya Mama Mwanakheri. Jubilei imeahirishwa kwa sababu ya hali. Anataka kujua daraja limekwendaje na njia imefika mita ngapi. Nimemjibu kwa kurasa nne, sikuacha kitu. Akinifukuza, anifukuze na ukweli.

Tangu wiki iliyopita tunafyeka kijia cha kushoto, Pastory na mimi. Kila anaposimama nami nasimama. Nimejifunza kwamba mti wa mninga ulio nyuma ya Rubimba ulimnyima mtu mmoja mke, na sababu yake. Ni hadithi ndefu na ni nzuri sana.

Révérienne: hajasema.

Alhamisi, 2 Desemba.

Mvua: kubwa, ya radi.

Jibu la Mama Mwanakheri, mistari miwili. "Nimesoma. Ningekuwa mimi ningeyatoa pia, nimezaliwa Tanga. Endelea na kazi." Nimelisoma mara sita.

Lori litakuja Jumanne kuwapeleka wakimbizi kambini. Nimemwomba Padre familia ya mzee Petero ibaki. Amesema si lake kuamua, wala langu. Nimemwambia Révérienne asubuhi, "Samahani." Nimeshamwambia mara nyingi, lakini leo hatukuwa na mtu karibu. Alikata tawi, akakagua alipokata, akasogea mche mwingine.

Ana haki. Naandika hivyo na inaniuma hivyohivyo.

Jumanne, 7 Desemba.

Mvua: imengoja mpaka walipoondoka.

Lori limesimama barabarani chini ya kilima saa tatu asubuhi. Nimembeba mzee Petero mgongoni kutoka kanisani mpaka chini, akinielekeza njia nzima kana kwamba mimi ndiye nisiyeona. Nikamkalisha mbele karibu na dereva. Révérienne alipanda nyuma na kifurushi chake. Pastory akamwinua Inamahoro juu akampa mama yake. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikakunja mikono, nikawa natazama magurudumu.

Injini ikawashwa. Halafu nikasikia sauti yake, ile iliyonyamaza tangu Kasebuye, na haikuwa inasema nami. Ilikuwa inasema na mtoto.

"Inamahoro. Muage mjomba wako."

Nikageuka kutazama ni mjomba gani. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Mtoto alikuwa ameinama juu ya ubao wa lori, mkono ameunyoosha chini kwangu, anangoja. Nikaukamata kwa mikono yangu yote miwili. Révérienne akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, kuitikia. Lori likaondoka.

Nimelia barabarani, mtu mzima, mbele ya Pastory na dereva wa pikipiki nisiyemjua. Pastory aliniuliza kama nataka kukaa chini. Nikamwambia hapana, nina dada na ninaye mpwa, na nina furaha, aniache nilie.

Mvua: kubwa sana. Nimeipokea nikiwa nimesimama.